Mwongozo kamili wa kuchagua hoteli ya kulala karibu na KIA: anza na saa ya ndege, chumba kije mwisho

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu kulala karibu na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huja zikiwa zimechelewa. Mtu ameshalipia chumba cha tarehe isiyo yake. Mwingine amesimama saa nane usiku mbele ya geti lililofungwa na mlinzi haamki. Mwingine kachukua hoteli kwa sababu jina lake lina neno Airport, kumbe iko upande wa pili wa jiji la Arusha.

Makosa haya ni yaleyale kila msimu, na karibu yote hufanyika kabla mtu hajaiona hoteli yenyewe. Tunaanza na picha za vitanda na bwawa, halafu ndege tunaikumbuka mwishoni. Mwongozo huu unageuza mpangilio: kwanza uwanja, pili usiku, tatu barabara, ndipo chumba.

## Viandae hivi kabla hujapiga simu yoyote

- Tiketi yenyewe, si maneno ya mtu aliyekuambia "ndege ni saa tisa". Unahitaji tarehe, saa, na herufi tatu za uwanja.
- Karatasi na kalamu. Kuna hesabu ndogo ya kufanya, na kichwani inakosewa.
- Idadi ya watakaolala: msafiri, wasindikizaji na dereva. Sisi hatusindikizi mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hesabu vitanda vizuri.
- Idadi ya mabegi makubwa.
- Kiasi cha fedha kwa shilingi, ukiwa umetenga ya chumba mbali na ya gari.
- Majina na namba za simu za hoteli tatu, si moja.
- Kitambulisho cha kila atakayelala: NIDA, pasipoti au leseni ya udereva. Mapokezi wataandika taarifa kwenye kitabu cha wageni.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni uwanja upi

Ukanda wetu una viwanja viwili, na vyote watu huviita "uwanja wa ndege wa Arusha".

KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uko Wilaya ya Hai, katikati ya Arusha na Moshi. Kwenye tiketi huandikwa JRO. Ndege kubwa za kwenda na kutoka nje ya nchi hutua hapo.

Uwanja wa Arusha uko Kisongo, kilomita 10 hivi magharibi ya mji, barabara ya kwenda Dodoma. Herufi zake ni ARK. Hutumiwa na ndege ndogo za Serengeti, Zanzibar na kwingineko ndani ya nchi.

Kutoka Kisongo hadi KIA ni mwendo wa saa moja na nusu au zaidi. Ukilala jirani na Kisongo wakati ndege yako iko KIA, utaamka ukiwa mbali kuliko aliyelala nyumbani kwake Tengeru. Na kama herufi zinasema NBO, hiyo ni JKIA ya Nairobi; hapo habari nyingine kabisa inaanza, ya Namanga na mpaka.

Andika JRO au ARK juu kabisa ya karatasi yako, na kila hoteli utakayoipigia uiulize: "Kutoka kwenu mpaka uwanja huu ni dakika ngapi kwa gari?" Akikuuliza "uwanja upi?", umempata mtu anayejua kazi yake.

## Hatua ya 2: Jua ni usiku upi unaolala

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo tulia.

Tiketi huhesabu siku mpya kuanzia saa sita usiku. Sisi tukisema "usiku wa Ijumaa", tunaweza kumaanisha Ijumaa inapoisha au usiku wa kuamkia Ijumaa. Mfumo wa hoteli nao una siku yake: chumba cha tarehe 15 kwa kawaida hufunguliwa saa 8 mchana wa tarehe 15.

Tuchukue tiketi ya kuondoka Jumamosi tarehe 15, saa 04:10. Toa sita, upate saa ya Kiswahili. Namba ikiwa sita au chini yake, ongeza sita badala ya kutoa; ikizidi kumi na nane, toa kumi na nane. Nne ongeza sita ni kumi: ndege inaruka saa 10 na dakika 10 alfajiri, usiku wa kuamkia Jumamosi. Chumba unachohitaji ni cha Ijumaa tarehe 14, kutoka tarehe 15. Ukiweka nafasi ya tarehe 15 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye tiketi, chumba kitafunguliwa ndege ikiwa imeshaondoka.

Kosa hilihili hutokea kwa anayewasili. Ndege ikitua tarehe 15 saa 00:50, hiyo ni saa 6 na dakika 50 usiku. Abiria anatoka nje na mizigo yake karibu saa 8 usiku. Chumba chake ni cha tarehe 14, ingawa yeye tarehe 14 bado alikuwa angani au Addis Ababa. Mapokezi wakikuambia "tarehe 14 tumejaa ila 15 ipo", hawajakusaidia chochote.

Ukiwa kwenye simu, usiseme "saa mbili" ukaishia hapo. Hoteli nyingi za ukanda huu hupokea wageni wa nje, na mhudumu aliyezoea kuandika saa za Kizungu anaweza kuandika 02:00 au 14:00 wakati wewe umesema saa mbili usiku. Sema hivi: "Ndege inatua saa sita na dakika hamsini usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani sufuri sufuri hamsini. Chumba nalala kuanzia Ijumaa tarehe 14." Ni maneno mengi, lakini hayaachi nafasi ya kukosea.

Ukimaliza hatua hii, karatasi yako inakuwa na mstari mmoja: kuingia tarehe fulani, kutoka tarehe fulani, na saa ya ndege iliyoandikwa kwa namna zote mbili, ya Kiswahili na ya kwenye tiketi.

## Hatua ya 3: Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye ndege

Safari za nje, uwe ndani ya jengo la abiria masaa matatu kabla. Za ndani, masaa mawili. Kutoka hapo rudi nyuma.

Njia panda ya KIA mpaka jengo la abiria ni kilomita 6 hivi. Weka robo saa pamoja na geti. Kutoka Boma Ng'ombe weka nusu saa. Usa River, dakika 40. Moshi mjini, saa nzima. Arusha mjini, saa moja na nusu, hata kama dereva atakuambia dakika hamsini.

Kwa nini nyingi hivyo? Njia nne zinaishia Tengeru. Kuanzia hapo unagawana barabara na malori ya Holili, Coaster za Moshi, bodaboda zisizo na taa, na vibao vya 50 kila penye makazi, huku askari wa tochi wakiwa kazini. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, na pale watu, mikokoteni na Hiace zinazosimama popote hupunguza mwendo wa kila mtu. Usiku foleni hupungua, lakini ng'ombe na bodaboda hawaonekani mpaka uwe karibu, kwa hiyo dereva mwenye busara haendi kasi.

Ndege ya saa 04:10 tuliyoitaja: uwe uwanjani saa 7 na dakika 10 usiku. Ukilala Arusha mjini, unatoka saa 5 na dakika 40 usiku, yaani hujalala kabisa. Hapo hoteli ya karibu ina maana.

Sasa chukua ndege ya saa 17:30, yaani saa 11 na nusu jioni. Uwe uwanjani saa 8 na nusu mchana, utoke Arusha saa 7. Huyu hahitaji hoteli ya karibu na uwanja hata kidogo. Alale kwake, ale chakula cha nyumbani, na fedha ya chumba aiongeze kwenye gari zuri. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu naona familia zinalipia vyumba viwili kwa ajili ya ndege ya jioni, kwa hofu tu.

Kipimo changu ni hiki: kama hesabu inakutaka utoke nyumbani kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, lala karibu. Kama uko Karatu, Babati, Rombo au Same, lala karibu hata kwa ndege ya asubuhi, maana safari yenu ni ndefu na pancha moja huharibu yote.

## Hatua ya 4: Chagua eneo, kisha hoteli

Karibu kila gari linaingia KIA kupitia njia panda iliyo kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi. Wanaotoka Mirerani ndio wenye lami yao inayotokea huko huko. Kwa hiyo "kilomita 12 kutoka uwanjani" inayoonyeshwa kwenye mtandao inaweza kuwa umbali wa ndege mnyoofu angani, wala si wa gari. Fungua ramani kwenye simu, andika jina la hoteli na jina kamili la uwanja, kisha uangalie njia ya gari inavyopita.

Jirani na uwanja wenyewe. Malazi ni machache. KIA Lodge ndiyo inayojulikana zaidi kwa ukaribu wake. Unalipia dakika, na kwa ndege ya alfajiri au mtu mgonjwa dakika hizo zina thamani. Hakuna mji hapo, kwa hiyo utakula kinachopikwa hotelini. Ni uwanda wa chini, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, una joto na mbu kuliko Arusha. Chandarua ni lazima.

Boma Ng'ombe. Ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Hai, na iko kwenye barabara kuu. Kwa wanaotoka Moshi, Machame, Rombo na Same, mimi huwaelekeza hapa kwanza. Kuna gesti na hoteli za bei ya kawaida, na chakula hupatikana mpaka usiku, nyama choma ikiwemo. Shida yake ni kelele za malori na muziki. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara, na uulize kama baa ya jirani hupiga muziki wikiendi.

Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti. Huku kuna loji nyingi zenye bustani na utulivu, na hewa ni baridi kidogo. Familia yenye wazee italala vizuri. Ila hoteli nyingi hazipo kwenye lami; zimeingia ndani kwa njia ya vumbi, ambayo wakati wa masika, Machi hadi Mei, inageuka utelezi. Uliza: "Kutoka lami ni kilomita ngapi, na mvua ikinyesha gari dogo linafika?" Jibu likianza kwa "huwa inategemea", tafuta nyingine.

Arusha mjini au Moshi mjini. Zinafaa kwa ndege ya mchana na jioni, au kama una shughuli za benki na hospitali kabla ya safari. Kwa ndege ya usiku mwingi, ziache.

Burka na Olasiti. Hizi ni kwa uwanja wa Kisongo tu. Mtu wa Usa River mwenye ndege ya asubuhi kutoka Kisongo ana baipasi inayozunguka jiji upande wa kusini, lakini bado kulala Burka kunamwondolea wasiwasi wote.

Angalia pia kalenda. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, mbio za Kilimanjaro Marathon hujaza Moshi. Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani, vyumba na magari hugombaniwa kuanzia Himo mpaka Boma. Arusha nayo hujaa kukiwa na mkutano mkubwa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Nyakati hizo weka nafasi wiki kadhaa kabla.

## Hatua ya 5: Piga simu, tena usiku

Ujumbe wa WhatsApp hujibiwa mchana na mtu wa ofisini. Wewe utapokelewa usiku na mtu mwingine. Kwa hiyo piga simu ya kwanza mchana kuulizia bei, na ya pili saa nne usiku. Isipopokelewa saa nne, usitegemee geti kufunguliwa saa nane.

Mazungumzo ya usiku yaende hivi:

"Habari za usiku, dada. Naulizia chumba cha Ijumaa tarehe 14. Mgeni wetu ni mama mtu mzima, atafika saa nane usiku. Kutakuwa na mtu mapokezi?"

"Karibu. Mlinzi yupo usiku wote."

"Mlinzi ana funguo za chumba, au mpaka akuamshe wewe?"

Swali hilo la mwisho usilikose. Mlinzi kuwepo si sawa na chumba kufunguliwa. Endelea na haya:

- Jenereta lipo? Linawashwa usiku kucha au linazimwa? Umeme ukikatika, maji yanaendelea kutoka?
- Maji ya moto yanapatikana saa tisa usiku? Ya sola huwa yamepoa saa hizo.
- Jikoni hufungwa saa ngapi? Kama ninaondoka kabla ya chai, mnaweza kunifungia mkate, yai na chupa ya maji?
- Dereva wetu atalala wapi? Loji nyingi zina vyumba vya madereva kwa bei nafuu, lakini mpaka uulize.
- Chumba kiko chini au ghorofani? Kwa mzee au mwenye mabegi manne, hili ni kubwa kuliko televisheni.
- Ndege ikichelewa hadi kesho yake, fedha yangu inahamishwa au inapotea?

Mhudumu anayejibu bila kusitasita, na kukutajia jina la atakayekuwa zamu, mpe alama. Anayesema "we njoo tu" mshukuru, kisha upige namba ya pili kwenye orodha yako.

## Hatua ya 6: Funga usafiri siku hiyohiyo

Chumba bila gari ni nusu ya kazi. Daladala za Arusha–Moshi zitakushusha njia panda, si mlangoni mwa uwanja, na zile kilomita 6 huwezi kuzitembea na mabegi. Mchana utapata bodaboda au teksi pale. Saa nane usiku usibahatishe.

Magari ya kuita kwa simu ni mengi Arusha mjini, lakini ukiwa ndani ya Usa River alfajiri unaweza kukaa na simu mkononi bila dereva kukubali. Chukua gari la hoteli au dereva unayemfahamu. Uliza kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, na kama kuna nyongeza ya usiku. Omba jina la dereva, namba yake ya simu na namba ya gari kwa ujumbe. Unampokea mtu anayetoka nje? Mtumie ujumbe huo kabla hajapanda ndege, na umwambie asiingie kwenye gari lenye namba nyingine hata kama dereva anamwita kwa jina.

## Hatua ya 7: Lipa kwa njia inayoacha alama

Omba bei kwa shilingi, na uulize kama VAT na kifungua kinywa vimo ndani. Tofauti hiyo ndiyo huleta ugomvi asubuhi wakati gari linasubiri.

Tumia Lipa Namba ya hoteli. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu itakuonyesha jina; liwe la biashara uliyoipigia. Ukiambiwa "tuma kwenye namba yangu binafsi, nitaingiza mwenyewe", kataa kwa upole. Kama hawana Lipa Namba, lipa sehemu ndogo na umalizie ukifika.

Baada ya kulipa, omba ujumbe ulioandikwa wenye jina la mgeni, tarehe ya kuingia na kutoka, saa ya kufika, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Upige picha ya skrini, maana intaneti inaweza kukuangusha getini.

## Hatua ya 8: Ukifika, kagua kabla ya kufungua begi

Dakika tano zinatosha. Fungua bomba la maji ya moto na uliache litiririke. Shusha chandarua ukitafute tundu kwenye mwanga. Tundu dogo lifunge fundo, kubwa omba kingine. Jaribu kitasa na komeo kwa ndani. Chomeka simu uone kama inachaji.

Kuna kasoro? Rudi mapokezi kabla hujalala kitandani, wakati vyumba vingine bado vipo. Watu wetu wana haya ya kulalamika, hasa wakiwa na wazee, lakini kuomba neti nzima si utovu wa adabu.

Kisha mwambie mlinzi mwenyewe, mdomo kwa mdomo, saa ya kuamshwa na saa ya gari. Mapokezi wanaweza kusahau kumwachia taarifa wakibadilishana zamu. Weka kengele kwenye simu mbili. Mpigie dereva akuthibitishie kwamba gari lina mafuta tayari.

## Ndege ikiahirishwa

Usikimbilie kulipa chumba kingine. Nenda kwanza kwenye dawati la shirika lako la ndege uulize kama watagharamia malazi na usafiri, na jibu lao lipate kwa maandishi au hata ujumbe wa simu. Wakikubali, wao ndio wanaochagua hoteli. Wakikuambia ujilipie ukadai baadaye, piga simu pale ulipolala, maana chumba chako huenda bado hakijachukuliwa na wanakufahamu. Mjulishe dereva wa upande wa pili pia, anayewasubiri huko mwendako.

Dai risiti ya EFD ya chumba na uandikiwe ya gari, kisha uzipige picha, kwa sababu wino wa risiti hizi hufutika haraka na madai ya mashirika ya ndege huchukua muda.